Janet Norwood na nyumba iliyovuruga fahirisi ya bei

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilianzishwa mwaka 1884, lakini haikuongozwa na mwanamke hadi 1979, Rais Jimmy Carter alipomteua Janet Norwood kuwa Kamishna. Alikuwa mchumi mwenye shahada ya uzamivu tangu 1949. Baada ya kulea watoto kwa miaka kadhaa, aliingia ofisini hapo mwaka 1963 akapanda ngazi humo humo.

Kazi yake ngumu kuliko zote, kwa maoni yetu, ilihusu nyumba. Fahirisi ya bei za mlaji, yaani kipimo cha jinsi gharama za matumizi ya watu zinavyobadilika, ilikuwa ikijumlisha bei ya kununua nyumba na riba inayotarajiwa kulipwa kwa nusu ya muda wa mkopo, kana kwamba yote ni matumizi ya sasa. Riba ilipopaa mwishoni mwa miaka ya 1970, fahirisi ikapaa nayo. Lakini aliyenunua nyumba miaka kumi nyuma kwa riba isiyobadilika alikuwa analipa kiasi kile kile. Nyumba ni mali, si mkate. Kinachotumiwa kila mwezi ni makazi tu.

Mwaka 1981 Norwood alitangaza njia nyingine: kupima kodi ya pango ambayo mwenye nyumba angelipa kama angekuwa mpangaji wa nyumba hiyo hiyo. Ugumu haukuwa wa hesabu peke yake. Tangu 1975 pensheni za umma zilipanda zenyewe kwa kufuata fahirisi, kwa hiyo kugusa kipimo wakati bei zinapanda kungeweza kuonekana ni ujanja wa serikali. Alitangaza mapema, na fahirisi ya wakazi wote wa mijini ikabadilishwa Januari 1983. Ile ya watu wa mishahara, iliyotumika kupandisha pensheni, ilisubiri hadi Januari 1985.

Upande wa ajira, wengi hudhani kiwango cha ukosefu wa ajira hutokana na foleni ya wanaodai mafao ya wasio na kazi. Sivyo. Kaya zipatazo 60,000 huhojiwa kila mwezi. Kila kaya huhojiwa miezi minne, hupumzishwa minane, kisha hurudiwa minne. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki yenye tarehe 12 huhesabiwa ana ajira. Asiye na ajira ni yule aliye tayari kufanya kazi na aliyeitafuta katika wiki nne zilizopita. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hutoka kwenye hesabu, na hapo ndipo kiwango huweza kushuka bila mtu yeyote kuajiriwa.

Takwimu hizo Norwood alizifafanua mara kwa mara mbele ya kamati ya uchumi ya Bunge, akieleza zinachopima na kuwaachia wanasiasa lawama na sifa. Mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8. Mwaka uliofuata Rais Ronald Reagan, wa chama kingine na ambaye takwimu hizo zilimwumiza, alimteua tena. Akarudia 1987, na Norwood akaondoka mwaka 1991.