Kuwinda elki ndani ya Grand Teton: dhana potofu na ukweli wake

Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kufundishwa kwamba ndani ya hifadhi ya taifa hakuwindwi. Ukikutwa na bunduki Ruaha au Serengeti, wewe ni jangili. Ndiyo maana Mswahili anayehamia Boise au Salt Lake City akisikia kwamba jirani, katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton huko Wyoming, watu hupewa kibali cha kumpiga mnyama ndani ya mipaka ya hifadhi, huona ni uvumi, au hudhani sheria za huko zimelegea. Uvumi si uvumi, na sheria hazijalegea hata kidogo. Zimebana kuliko za msitu wa umma ulio kando yake, na wengi hujikwaa kwa kutojua hilo.

"Hifadhi za Marekani ziko wazi kwa wawindaji."

Haziko wazi. Yellowstone, iliyo kaskazini mwa eneo hilo, hairuhusu uwindaji kabisa. Grand Teton ni kesi ya pekee kwa sababu ya sheria ya Septemba 1950 iliyoipanua hifadhi hadi bonde la Jackson Hole. Kundi la elki wa Jackson, wanyama wa jamii ya kulungu ambao jike lake hufikia kilo 200 na ushei, lilikuwa likipita bonde hilo kila mwaka kwenda malisho ya baridi. Sheria ikaruhusu idadi ipunguzwe pale tu inapobidi, kwa kutumia wawindaji wenye leseni ya Wyoming wanaoteuliwa kuwa askari wa hifadhi kwa muda. Kila mwaka mpango huo huhitaji idhini ya waziri anayesimamia ardhi za umma pamoja na gavana wa jimbo. Lengo la jimbo kwa kundi zima ni elki wapatao 11,000.

Neno "kupunguza" lina uzito hapa. Unaingia kufanya kazi ya hifadhi, hukwenda kutafuta pembe za kutundika sebuleni. Miaka ya karibuni vibali vimekuwa vya elki wasio na pembe, yaani majike na ndama. Sehemu kubwa ya hifadhi, pamoja na safu yenyewe ya milima, haimo kwenye mpango. Kinachofunguliwa ni Eneo la 75, ambalo karibu lote liko mashariki mwa barabara kuu namba 89, kwa wiki chache za mwisho wa mwaka.

"Ukishinda droo umemaliza."

Leseni hugawiwa kwa droo, lakini milango ni miwili, na wa kwanza haufungui wa pili. Kwanza unaomba leseni ya elki kwa idara ya wanyamapori ya Wyoming. Kwenye fomu unaandika namba ya eneo na aina ya leseni, machaguo yakipangwa la kwanza, la pili na la tatu. Hapo ndipo kosa la bei ghali hufanyika: mtu anaandika Eneo la 75 bila kusoma aina. Aina ya 6 ni jike au ndama kwa bei iliyopunguzwa. Aina ya 4 ni asiye na pembe kwa bei kamili. Fedha ya leseni hulipwa unapoomba. Ukikosa hurudishwa, lakini ada ya maombi na makato ya kadi hayarudi. Kwa asiye mkazi, dirisha la leseni za bei kamili hufungwa mwanzoni mwa Februari, na la jike au ndama kwa bei iliyopunguzwa mwanzoni mwa Juni. Zinazobaki huuzwa Julai, anayewahi ndiye apataye.

Mlango wa pili ni kibali cha hifadhi yenyewe. Siku ya kuwinda lazima uwe na hivi vyote mwilini: leseni ya jimbo, stempu ya uhifadhi, kibali maalumu cha usimamizi wa elki, kibali cha hifadhi, na kadi ya mafunzo ya uwindaji. Hiyo ya mwisho huwaponza watu wazima. Wyoming huidai kwa aliyezaliwa tangu 1 Januari 1966, kwa hiyo mzee wa miaka 65 huiacha nyumbani kwa amani. Hifadhi haina msamaha huo. Kila mtu, wa umri wowote, aonyeshe kadi.

"Bila alama nyingi za upendeleo usijisumbue."

Alama hizo, ambazo mwombaji hulimbikiza mwaka hadi mwaka ili kuongeza nafasi yake kwenye droo, zina kazi kwa wasio wakazi wanaoomba leseni za bei kamili: asilimia 75 ya fungu lao hugawiwa kwa kufuata alama, asilimia 25 kwa bahati tupu. Leseni za jike au ndama kwa bei iliyopunguzwa hazihusiani na alama kabisa. Mkazi wa Wyoming naye haombi elki kwa alama. Lakini ukazi wa uwindaji ni mwaka mzima wa kuishi humo kama nyumbani kwako, bila kudai ukazi kwingine. Aliyehamia Jackson mwezi Machi akajaza "mkazi" mwezi Mei ametoa taarifa ya uongo, na hilo ni kosa la jinai hata kama alikuwa na leseni ya udereva ya jimbo mkononi.

"Asiye raia hawezi kuomba."

Hapa tahadhari, maana makosa ni ya kuharibu maisha. Wyoming haidai uraia kwa leseni ya elki. Swali zito liko kwenye bunduki, na hilo ni sheria ya taifa zima. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida amekatazwa hata kuishika bunduki, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Ikiisha muda, msamaha nao umeisha. Asiye na hadhi halali ya kukaa nchini hana msamaha wowote, hata bunduki ikiwa ya kuazima. Ambaye hajui hadhi yake inaangukia wapi amuone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda hata kwenye uwanja wa shabaha.

Wala usichukue masharti ya hifadhi moja ukayabandika kwa nyingine. Mwaka 2021 Grand Canyon ilitafuta watu wa kujitolea kupunguza nyati wa Amerika kwenye ukingo wa kaskazini. Waliomba zaidi ya 45,000 kwa nafasi 12. Pale uraia ulikuwa sharti, na mwombaji alipimwa shabaha: risasi tatu kati ya tano ziingie kwenye duara la sentimita 10 kutoka umbali wa mita 90 hivi. Walioangushwa hatimaye walikuwa nyati wanne.

"Asiye mkazi lazima alipie mwongozaji."

Sharti hilo ni la maeneo yaliyotangazwa rasmi na serikali kuu kuwa nyika, kama yale ya msitu wa taifa kaskazini mashariki mwa hifadhi. Ndani ya Eneo la 75 la hifadhi halikuhusu.

"Risasi ni risasi."

Kiswahili chenyewe hutupoteza hapa, kwa kuwa kinaita madini na kinachotoka kwenye mtutu kwa jina moja. Grand Teton inataka risasi isiyo na madini ya risasi. Pakiti ikisema ndani kuna risasi iliyovikwa shaba, hiyo bado ni marufuku. Inayotakiwa ni ya shaba nyekundu tupu au aina nyingine isiyo na chembe ya madini hayo. Sababu iko kwenye rundo la matumbo unaloliacha. Risasi ya kawaida ikigonga mfupa hupasuka vipande vidogo vinavyotawanyika nyamani mbali na jeraha. Kunguru na tai huja kula, na sumu huingia kwenye damu yao. Mezani kwako pia kuna sahani.

Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo pigo halitatua pale lilipozoea kutua. Nunua pakiti mbili za aina ileile, rekebisha darubini kwenye uwanja wa shabaha, na umalize wiki kadhaa kabla ya msimu. Bunduki iwe ile ambayo pini yake hupiga katikati ya kitako cha risasi. Upinde na bastola havikubaliwi.

Idadi nayo ina kikomo: risasi saba kwa siku. Na ukikuta kundi linakimbia, una risasi moja tu ya kulifyatulia. Uwanda wa Antelope Flats, ulio ndani ya hifadhi, ni wazi, elki hukimbia wamebanana, na anayemwaga risasi humjeruhi asiyemlenga. Karibu na barabara zilizotajwa kwenye kibali huruhusiwi kupiga ndani ya robo maili, kama mita 400. Vifaa vya kuiga mlio wa elki ni marufuku.

"Nina bunduki, dubu hanitishi."

Hatari si ya kubuni: mwaka 2012, siku ya sikukuu ya Shukrani, wawindaji walimuua dubu dume ndani ya mpango huu. Dawa ya pilipili ya kupulizia dubu ni sharti la kibali, na sharti lenyewe ni iwe pale mkono unapofika mara moja. Iliyo ndani ya begi haihesabiki. Hufika mita chache tu, na baridi ya Novemba hupunguza nguvu ya kopo, kwa hiyo usiiache kwenye gari usiku kucha. Mmoja akipasua, mwingine asimame akitazama pande zote. Ukishatoa matumbo, buruta nyama mita 100 kutoka pale, mahali peupe.

"Ugonjwa wa kukondesha huisha nyama ikiiva."

Hauishi. Ugonjwa huu wa elki na kulungu (chronic wasting disease) husababishwa na protini iliyojikunja vibaya, na moto wa jikoni hauiharibu. Ulithibitishwa kwa elki wa hifadhi hii Desemba 2020, na kichwa cha elki unayempiga lazima ukiwasilishe kipimwe. Hakuna ushahidi uliothibitisha kwamba umempata binadamu, ila mamlaka za afya zinashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe.

Kabla hujaondoka alipoanguka, saini kuponi ya leseni, kata uondoe kabisa siku na mwezi wa kumpiga kwenye kuponi hiyo, ifunge kwenye mzoga. Acha alama ya jinsia (sehemu za uzazi zinazoonekana) kwenye nyama, kwa kuwa kichwa hutakuwa nacho. Kama unarudi Idaho au Utah, ng'oa mifupa yote palepale, uti wa mgongo usivuke mpaka. Nyumbani, fungasha nyama ya mnyama huyu peke yake, andika namba ya sampuli kwenye kila mfuko, igandishe. Usiigawe kwa majirani wala kuichanganya na ya mwenzako mpaka majibu yarudi.