Je, wajua kompyuta huibuaje michoro ya Kondoa iliyofifia?

Michoro ya miambani ya Kondoa, katikati ya Tanzania, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, imetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na mingi inafifia kwa jua, maji yanayochuruzika na mikono ya watu. Mgeni anayepanda hadi kwenye miamba ya Kolo, mojawapo ya maeneo hayo, huweza kuona doa jekundu tu mahali palipochorwa twiga au pofu. Hata hivyo, doa hilo likipigwa picha kwa kamera ya kawaida na kupitishwa kwenye programu maalumu, mnyama anaweza kujitokeza.

Siri imo katika namna kamera inavyohifadhi rangi. Kila nukta ya picha huandikwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na buluu. Katika picha ya mwamba namba hizo hupanda na kushuka karibu pamoja, kwa sababu kinachobadilika zaidi ni mwanga na kivuli, hivyo tofauti ndogo kati ya jiwe na rangi ya mchoraji, iliyotokana na madini ya chuma, humezwa. Programu hukokotoa jinsi namba zinavyofuatana katika picha nzima, huzitenga katika mielekeo mitatu isiyotegemeana, huikuza ile iliyo hafifu hadi ilingane na ile yenye nguvu, kisha huzigeuza kuwa rangi tena. Mbinu hii ilianza katika picha za ardhi zinazopigwa kutoka angani, na Jon Harman wa Marekani akaiundia programu ya michoro ya miambani iitwayo DStretch.

Hesabu inafika hapo, na kazi ya msanifu, yaani anayeandaa picha hizo ili watu wazione, ndiyo inaanza. Rangi zinazotoka si za kweli: nyekundu huweza kugeuka zambarau, na asiyeelezwa ataamini kwamba wazee wa kale walichora kwa zambarau. Isitoshe, programu hukuza kila kitu, pamoja na kutu iliyovuja kutoka ndani ya jiwe lenyewe. Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyenakili michoro hii kwa mkono mwaka 1951, naye alilazimika kuamua upi ni mstari wa mchoraji na upi ni ufa. Nafuu ya leo ni kwamba mwingine anaweza kurudia hesabu ileile juu ya picha ileile, mradi mipangilio yote ya programu imeandikwa, na picha ya asili imewekwa kando ya iliyochakatwa, kwa ukubwa uleule.

Mipangilio hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Michoro myekundu huhusishwa na wawindaji wa kale, ilhali mingi ya ile myeupe ni ya wakulima waliokuja baadaye, nayo mara nyingine imechorwa juu ya myekundu. Anayechagua mpangilio wa kukuza nyekundu peke yake huwafuta wakulima hao, jambo ambalo kwangu ni kosa kubwa kuliko kuonesha picha yenye ukungu. Ni afadhali kutoa picha mbili, kila moja na maelezo yake ya Kiswahili.

Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro hii, ni mahali ambapo watu bado huenda kuomba mvua na uponyaji. Kwa hiyo wazee wa hapo wanapaswa kuulizwa kabla ya kamera kufunguliwa, na wakikataa sehemu fulani isioneshwe, msanifu huiacha nje, hata kama data anayo.