Msimu wa ishirini na moja

Wasichana ninaowafundisha voliboli huniuliza: mtu anafikaje kuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya chuo kikuu? Mimi huwaambia waitazame Penn State ya Marekani, maana pale njia yote inaonekana.

Russ Rose alikabidhiwa timu hiyo mwaka 1979. Alitokea Chuo Kikuu cha Nebraska, alikokuwa msaidizi wa Terry Pettit na kuandika tasnifu yake ya uzamili kuhusu takwimu za voliboli. Alifika fainali ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1993, akafungwa. 1997 akafungwa tena, na 1998 vilevile. Kombe la kwanza alilipata 1999, msimu wake wa ishirini na moja! Kwetu angekuwa ameshatimuliwa zamani, na jambo hilo linaniuma kila nionapo kocha kijana akipewa msimu mmoja tu wa kujaribiwa. Rose alivumiliwa, akaongeza makombe sita: manne mfululizo kuanzia 2007 hadi 2010, kisha 2013 na 2014. Katikati ya hayo timu yake ilishinda mechi 109 bila kupoteza hata moja.

Muda peke yake haumfanyi mtu kocha. Rose alikuwa akikaa benchi na daftari, anaandika. Msaidizi yeyote anaweza kuanzia hapo, kwa kupima mapokezi ya sevu, yaani mpira wa kuanzisha mchezo. Mpira ukimfikia vizuri seta, yule anayewapangia washambuliaji mipira, akawa huru kumpa mshambuliaji yeyote, mpokeaji anapata 3. Seta akisogezwa akabakiwa na chaguo mbili, ni 2. Akilazimika kuurusha juu pembeni, mahali ambapo kila mtu anapajua, ni 1. Sevu ikizaa pointi papo hapo, ni 0. Fanya hivyo mechi nzima na utajua kwa nini mshambuliaji wako anapigia ukuta wa mikono ya wapinzani. Mara nyingi kosa si lake.

Katika kikosi kile cha 1999 alikuwemo Katie Schumacher-Cawley. Baada ya kucheza alipitia ukocha Chicago na kwingineko, akarudi kuwa msaidizi wa Rose, na Rose alipostaafu mwishoni mwa 2021 akamrithi. Septemba 2024 aligunduliwa na saratani ya matiti. Aliendelea kufundisha huku akipata matibabu ya kemikali. Kwenye nusu fainali timu yake ilipoteza seti mbili za kwanza mbele ya Nebraska, ikageuza na kushinda 3-2. Desemba 22 ikaifunga Louisville 3-1 katika mji wa Louisville kwenyewe. Tangu NCAA ianzishe ubingwa huo wa wanawake mwaka 1981, hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuutwaa akiwa kocha mkuu katika daraja la kwanza kabla yake.

Benchi la pili siku hiyo, la Louisville, lilikuwa la kocha Dani Busboom Kelly, mwanamke pia, bingwa wa 2006 akiwa mchezaji wa Nebraska. Januari 2025 kocha John Cook alipostaafu, Nebraska ilimwita nyumbani kushika nafasi yake.