Marumaru Zinazong'aa Si Uuguzi

Mtu akitafutia mzazi makao ya wazee hapa Mombasa, kwanza hutazama marumaru, bustani na upepo wa bahari. Pakinukia udi, moyo hutulia. Hapo ndipo wengi tunapokosea: jengo zuri laonyesha pesa, uuguzi ni habari nyingine.

Tazama visigino, nyonga na mfupa wa kitako. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia, kwa sababu mgandamizo huzuia damu kufika kwenye ngozi. Kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya muda wa saa mbili hivi, usiku pia. Basi uliza: usiku wako wauguzi wangapi, kwa wazee wangapi? Omba daftari la kugeuza, linaloandikwa kila mzee anapogeuzwa. Likiwa na mwandiko mmoja na wino mmoja wiki nzima, mimi ningeshuku.

Joto letu nalo. Uzeeni hamu ya maji hupungua, kwa hivyo jagi kando ya kitanda halisaidii kama hakuna wa kumnywesha.

Nenda bila kupiga simu, wakati wa chakula cha jioni. Angalia nani analishwa, na sahani ya nani inaondolewa ikiwa bado imejaa.