Moyo kuwa kulia hakutoshi kuuita mwili mzima situs inversus

Ripoti ya namna hii imerudi tena: picha ya kifua, kivuli cha moyo kimeelekea kulia, na chini yake maneno mawili tu, "situs inversus". Ini halikutajwa. Mfuko wa chakula haukutajwa. Naandika haya kwa sababu anayeumia na neno lililoandikwa kwa haraka ni mgonjwa.

Situs ni Kilatini, maana yake mahali au mkao, wala si jina la ugonjwa. Kila mtu ana situs. Wengi wetu tuna solitus, yaani ya kawaida: ini kulia, mfuko wa chakula na wengu kushoto, pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili. Inversus ni mpangilio huo wote ukigeuzwa kama kwenye kioo, na hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 10,000. Dekstrokadia ni neno la moyo peke yake: ncha yake inaelekea kulia. Basi mtu anaweza kuwa na dekstrokadia bila inversus, na mwingine akawa na inversus huku ncha ya moyo ikielekea kushoto.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Aliyegeuka vyote kwa pamoja, moyo ukiwemo, mara nyingi moyo wake ni mzima. Wenye kasoro za kuzaliwa nazo ni wachache, kama 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini mtoto ambaye moyo wake uko kulia huku ini likiwa mahali pake pa kawaida, uwezekano wa kuwa na kasoro ya moyo ni mkubwa sana, tena kasoro nzito. Vivyo hivyo yule mwenye viungo vilivyogeuka na moyo uliobaki kushoto. Ukimwandikia mmoja wao "situs inversus" kwa mazoea, daktari anayesoma atamtuliza mama, na ultrasaundi ya moyo haitaombwa.

Anza na alama ya risasi (madini), yaani herufi inayoonyesha kulia au kushoto. Herufi iliyowekwa kwenye kaseti ya eksirei kabla ya kupiga picha ndiyo ya kutegemea. Ile iliyoongezwa kwenye kompyuta baadaye inaweza kuwa imefuata kosa la aliyeigeuza picha. Picha iliyogeuzwa inafanana kabisa na situs inversus kamili, kwa hiyo weka mkono kifuani mwa mgonjwa utafute mapigo ya ncha kabla hujaandika chochote. Kisha tazama kiputo cha hewa ya mfuko wa chakula chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Kikiwa kulia pamoja na ncha ya moyo, inversus inapata nguvu. Kikiwa kushoto na ncha iko kulia, omba ultrasaundi ya moyo. Mirija mikuu ya hewa nayo inasema: wa kulia ni mfupi, kama sentimita 2.5, wa kushoto kama 5. Ikiwa yote miwili inafanana, fikiria heterotaksia, yaani mpangilio uliochanganyika, usio solitus wala inversus.

Usisahau moyo uliohamishwa. Maji au hewa upande wa kushoto huusukuma, na pafu la kulia lililosinyaa kwa makovu ya kifua kikuu huuvuta. Ncha yake bado inaelekea kushoto, kwa hiyo hiyo si dekstrokadia.

Kwenye ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, mawimbi P, QRS na T yakipinduka kwenye lidi I (mstari unaotoka nyaya za mikono miwili), hakikisha kwanza nyaya za mikono hazikubadilishana. Zikiwa zimebadilishana, wimbi R litaendelea kukua kama kawaida kuanzia V1, waya wa kwanza wa kifuani. Kwenye dekstrokadia hufifia kadiri unavyokaribia V6, waya wa mwisho.

Heterotaksia ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Vitabu huigawa mafungu mawili safi: wasio na wengu, ambao pande zote mbili zimefanana na kulia, na wenye vijiwengu vingi, ambao pande zote zimefanana na kushoto. Kwa wagonjwa halisi wengu na vyumba vya juu vya moyo havikubaliani kila mara. Mimi sioni faida ya kulazimisha jina la fungu. Naandika kiungo kimoja kimoja kilipo. Wengu usipoonekana, liseme hilo waziwazi, maana mtoto huyo anahitaji chanjo ya nyumokoka (bakteria wa nimonia), penisilini ya kinga na tahadhari kubwa ya malaria. Akitapika kijani, utumbo unaweza kuwa umejisokota. Daktari wa upasuaji amwone siku hiyo hiyo.

Ektopia ni jambo jingine: kiungo kimoja kiko nje ya mahali pake, kama figo iliyobaki kwenye nyonga, au mimba nje ya kizazi.

Ukithibitisha inversus, uliza kuhusu kikohozi cha makohozi tangu utotoni na mafua yasiyoisha. Daktari Kartagener aliunganisha mambo hayo mwaka 1933, na mwaka 1976 mtafiti Afzelius akaonyesha chanzo: vinyweleo vya seli visivyopiga. Vinyweleo vya aina hiyo ndivyo vinavyoamua kushoto na kulia kwa kiinitete. Visipofanya kazi, upande huangukia bahati, nusu kwa nusu. Mtu huyo asipewe dawa za kifua kikuu kwa kikohozi tu bila vipimo.

Mwisho, mgonjwa apewe maandishi ya kubeba: "Viungo vyangu vya ndani vimepangwa kinyume, kama kwenye kioo." Kidole tumbo chake kiko kushoto, ingawa kuna waliosikia maumivu kulia, na pedi za kushtua moyo zibandikwe kinyume.