Kipimo cha HPV na Majibu ya Siku Hiyohiyo

Katika uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, wanawake wengi tunawapoteza baada ya kupima. Sampuli imechukuliwa, mama ameambiwa arudi baada ya wiki tatu, na harudi. Nauli hana, mtoto anaumwa, au majibu yenyewe yamechelewa maabara. Akija kuonekana tena, huenda ugonjwa umeshasambaa.

Ndiyo maana kipimo cha haraka cha HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na vinavyoweza kuleta saratani hii, kina thamani kubwa. Mashine ndogo, kama zile za GeneXpert ambazo vituo vingi tayari vinazitumia kupima kifua kikuu, husoma vinasaba vya virusi na kutoa majibu kwa muda wa saa moja hivi. Mama anasubiri palepale.

Sampuli anaweza kuichukua mwenyewe, faraghani: anaingiza kibrashi laini ukeni, anakizungusha mara chache, anamkabidhi mhudumu. Kwa wale ambao aibu ya kuchunguzwa imewaweka mbali na kliniki miaka yote, hii ni nafuu ya kweli.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kianze katika umri wa miaka 30 na kurudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10. Mwanamke anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, arudie kila miaka 3 hadi 5, kwa kuwa hatari yake ni takriban mara sita ya wenzake.

Sasa neno linalotisha: "umekutwa na virusi". Hiyo si saratani. Maambukizi mengi huondoshwa na kinga ya mwili yenyewe ndani ya miaka miwili. Yanayong'ang'ania ndiyo hatari, na hata hayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani, ingawa kinga ikiwa dhaifu muda huo hufupika sana. Wala majibu hayo si ushahidi wa usaliti. Virusi hivi huweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kwa hiyo kipimo hakisemi nani alimwambukiza nani, wala lini. Nalisisitiza hili ili ndoa zisivunjwe kwa karatasi ya maabara.

Aliyekutwa na virusi huchunguzwa mlango wa kizazi, mara nyingi kwa kupakwa siki maalumu inayoonyesha mabadiliko. Yakiwepo na yakiwa yanafaa kutibiwa hapohapo, huchomwa kwa kifaa cha joto kwa chini ya dakika mbili, bila nusu kaputi. Yakiingia ndani sana au yakitiliwa shaka, anapewa rufaa. Kituo chenye mashine lakini kisicho na tiba wala njia ya rufaa kimefanya nusu ya kazi.

Waliochanjwa dhidi ya HPV nao wapime, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote. Ila mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asisubiri ratiba ya uchunguzi huu. Amwone daktari mapema.