Uchovu usioisha: huenda tatizo liko shingoni

Dhana: Asiye na ari ya kazi ni mvivu.

Ukweli: Chini kidogo ya kikoromeo iko tezi ya thairoidi, yenye umbo kama la kipepeo. Homoni zake ndizo hupanga kasi ya mwili kuchoma chakula kuwa nguvu. Zikipungua, moyo hupiga polepole, choo hufunga, ngozi hukauka, na mtu husikia baridi wenzake wakijipepea. Uzito huongezeka bila kula zaidi. Ari nayo hushuka, maana ubongo unazitegemea homoni hizohizo. Mtu huyu hulala usiku kucha akaamka amechoka. Kumwambia ajikaze ni kumwonea. Wanawake ndio hupatwa zaidi, na inauma kuona wanavyosemwa kabla hawajapimwa.

Dhana: Kama huna rovu, yaani uvimbe wa tezi hii shingoni, tezi yako ni nzima.

Ukweli: Rovu huota hasa pale chakula kinapokosa madini joto, kama ilivyokuwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kabla chumvi haijaanza kutiwa madini hayo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Lakini tezi hudhoofika hata shingo ikiwa laini kabisa, kwa mfano kinga ya mwili inapoishambulia, ugonjwa alioueleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Jibu liko kwenye damu: omba kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi hii ifanye kazi. Upungufu wa damu na kisukari navyo huchosha, kwa hiyo vipimwe pamoja.

Dhana: Vinywaji vya kuongeza nguvu vinatosha.

Ukweli: Kafeini hukuchangamsha kwa saa chache. Homoni iliyopungua hairudishi.

Dhana: Nikipata nafuu, naacha vidonge.

Ukweli: Wengi humeza thairoksini, dawa ya tezi iliyodhoofika, maisha yao yote, kwa sababu kidonge kinashika nafasi ya homoni ambayo tezi haitoi tena. Imeze kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma visubiri hadi zipite saa nne tangu uimeze, la sivyo vitaizuia isifyonzwe. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, basi usikate tamaa wiki ya pili. Na ukishika mimba, usiache dawa. Wahi kliniki, kwani mara nyingi dozi huongezwa: miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake.